Bangi ya Paka

Jirani yangu wa ploti anasema nalea paka mvuta bangi. Sababu ni katinipu, mmea wa jamii ya mnanaa. Nikiweka majani makavu kidogo kwa soksi kuukuu, Chapo anaikumbatia, anagaagaa, mate yanamtoka. Dakika kumi, basi, amelala. Ukimwongezea saa hiyo, hashtuki. Lazima muda upite, hata saa mbili.

Ni harufu tu, na haileti uraibu. Paka wengine, kama thuluthi moja, haiwashtui kabisa, wamezaliwa hivyo. Akila mengi anaweza kutapika au kuharisha, kwa hivyo kidogo chatosha. Mafuta makali ya chupa sinunui.

Kinachonitisha ni maua ya lili ambayo huyo jirani huletewa na mpenzi wake. Chapo huingia kwake dirishani. Paka akilamba chavua iliyomwangukia manyoyani, au akinywa maji ya maua hayo, figo zinaweza kufa kwa siku chache.

Niliacha chuo, najua vile ploti huchagua cha kuogopa. Nilibisha mlango wake nikamweleza polepole. Alicheka, kisha akanyamaza. Siku hizi analetewa waridi, na Chapo bado anaitwa mlevi.