Mdudu Niliyemhukumu Bila Kumtazama

Nilikuwa mtu wa kukanyaga. Mdudu akipita mbele yangu shambani, kiatu. Akitua ukutani usiku, ndala. Sikuuliza ni nani wala anakula nini. Mimi ni mkulima wa viazi na maharagwe wa Mushaki, Masisi, kwenye milima ya baridi na malisho ya ng'ombe. Mama yangu ni mtu wa Walikale, kule chini msituni, kwenye joto na mvua. Sehemu hizo mbili zote zimo katika ushuhuda huu.

Mwaka mmoja nilikodi shamba lililokuwa malisho miaka nenda miaka rudi, nyasi zimeifunga ardhi kama mkeka. Tukalima, tukapanda viazi. Majani yakatoka mazuri hata majirani wakawa wanasimama njiani kuyatazama. Siku ya kuchimba ndipo nilipolia. Kila kiazi kina matundu membamba, kama kilichotobolewa kwa msumari. Mnunuzi aliyetoka Goma alipasua kimoja kwa kisu, akaona kijia cheusi kimekwenda mpaka moyoni mwa kiazi, akakunja magunia yake matupu, akaondoka. Na mimi nilikuwa nimekwisha kununua dawa kwa pesa ya shule ya watoto! Muuzaji alisema inaua kila kitu. Niliipuliza kwenye majani mara tatu, kumbe wenye kula walikuwa funza chini ya udongo, hata harufu ya dawa haikuwafikia.

Usiku mmoja msimu uliofuata, mbawakawa wa rangi ya kahawia, mwembamba, mrefu kama ukucha wa kidole gumba, alitua mezani karibu na taa. Nikavua ndala. Binti yangu mdogo akanishika mkono: "Papa, usimukanyage kwanza. Umulalishe mugongo."

Nikamlaza mgongo. Akakunja miguu, akatulia kama mfu. Kisha, ta! Akajirusha juu kuliko kikombe, akapinduka hewani, akatua kwa miguu yake. Mama yangu alikuwa kwetu siku zile, akacheka mpaka akafuta machozi. Alisema wao wakiwa watoto Walikale walikuwa wakishindana nani mdudu wake ataruka juu zaidi.

Kesho yake nilimpelekea bwana shamba mmoja mdudu yule ndani ya kichupa, nikitaka tu kumwonyesha kichekesho. Akaniwekea kioo cha kukuzia machoni, akasema, "Mzee, huyu ndiye mzazi wa wale funza wako." Siku hiyo ndiyo iliyonigeuza.

Nilichoonyeshwa nakikumbuka vizuri. Mgongoni, ngao ya kifua ina pembe mbili kali zinazochongoka kuelekea nyuma, zikikumbatia mabega ya mabawa magumu. Ukimgeuza tumbo juu, unaona mwiba umetoka kifuani, na nyuma yake kuna kijishimo. Mwiba unazuiwa kwenye ukingo wa kijishimo, misuli inajikaza, halafu unaachia na kuzama kwa ghafla, kama mtego unaofyatuka. Ndiyo ile ta! Ukimshika taratibu kwa vidole viwili utamwona akiinamisha kifua na kukiinua, kama mtu anayesalimia. Wapo mbawakawa wengine wenye umbo kama lake, wanaong'aa kama shaba iliyosuguliwa, lakini kifua chao kimeshikana na mwili. Hawainami wala hawafyatuki.

Funza wake naye ana alama zake. Ni mgumu, wa manjano iliyoiva, mviringo kama kipande cha waya, ana miguu sita mifupi karibu na kichwa. Funza mweupe aliyejikunja kama ndoano siye. Kiwavi laini anayekata miche usiku siye. Na mkia wake lazima utazamwe: wengine umechongoka, wengine umegawanyika kama pembe mbili ndogo.

Nilipokwenda Walikale kwa wajomba nikawa siwezi kupita gogo lililooza bila kuinama. Chini ya gamba la gogo moja nilimkuta funza wa jamii hiyohiyo, mkia wenye pembe, amemshika mtoto wa mbawakawa mwingine anamla. Nilikaa pale muda mrefu. Huyo hana habari na viazi vya mtu, anawinda. Ningemkuta shambani kwangu ningemuua kwa kosa la binamu yake. Usiku, kwenye taa ya wajomba, alikuja mkubwa wao, mwenye papasi zilizofunguka kama feni. Watu wa sayansi wanaliita kundi lake Tetralobus. Wakubwa wake hufikia karibu sentimita 8, na funza wao wamekutwa kwenye vichuguu vya mchwa.

Tangu hapo sijidai kumtaja kila mmoja kwa jina lake. Duniani zinajulikana aina karibu 10,000 za mbawakawa hawa wanaofyatuka. Ernest Candèze, Mbelgiji wa Liège, aliwaandikia vitabu vinne kati ya 1857 na 1863, na kazi haijaisha. Picha ya simu iliyopigwa kwa juu inakupa ukoo tu. Ukitaka zaidi, mpige picha ya tumbo, ya papasi, ya nyayo, ya mistari ya mabawa. Na mara nyingi hata hivyo mtaalamu atahitaji kumpasua chini ya darubini.

Shambani nimebadilika. Kabla ya kupanda kwenye malisho yaliyolimwa karibuni, nachoma kipande cha kiazi kwenye kijiti, nakifukia kina cha kiganja, nakifukua baada ya siku chache na kuhesabu funza walioingia. Wakiwa wengi, sipandi viazi hapo msimu huo.

Mwanzoni mwa 2023 vita vilipofika Mushaki tulikimbia na vyungu na blanketi. Vichupa vyangu vyote vya wadudu niliokuwa nimewakusanya vilibaki juu ya kabati. Nimeanza upya ugenini, na ninavyo saba.

Wewe unayelima Masisi, au unayeishi msituni Walikale, nakuomba: ukimpata mmoja, mtie kwenye pombe kali ndani ya kichupa, pamoja na kikaratasi chenye jina la mahali, tarehe, na ulipomkuta, kwenye kiazi, kwenye gogo au kwenye taa. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka ndani ya pombe, na mdudu asiye na mahali alikotoka hamsaidii mtu.