Jim Reeves na Nyama Choma

Nyumbani kwetu Molo, miaka ya 1980, Jim Reeves hakuchezwa, alisikilizwa. Baba alisogeza kiti karibu na redio jioni, Idhaa ya Kiingereza ya redio ya taifa ikianza kupiga nyimbo za taratibu, na ole wake mtoto aliyebamiza mlango. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya mabati ili zipate nguvu ya wimbo mmoja au miwili zaidi. Mwimbaji mwenyewe alikuwa amefariki kitambo, kwenye ajali ya ndege mwaka 1964, lakini Baba hakuwahi kumtaja kama marehemu.

Muziki huo wa kantri ulikuwa umefika kwetu hata kabla ya Jim Reeves. Mama ni mzaliwa wa upande wa Kericho, na huko Kapkatet, mwaka 1950, mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha. Huyo ni mwimbaji Jimmie Rodgers wa Mississippi, aliyekufa mwaka 1933, na ambaye sauti yake iliwafikia kwa santuri. Wimbo wao ulimfanya kiumbe nusu mtu, nusu swala. Mama huona wageni wanaikuza mno habari hiyo. Wasichana wale, anasema, walikuwa wakitania tu.

Wako wanaodai tuliurithi muziki huu kutoka kwa walowezi. Labda. Mimi naona sababu kubwa ni kwamba unaeleweka. Jim Reeves hutamka kila neno kama mwalimu wa imla, na mambo yake ni ya mama aliyeachwa nyumbani, mke aliyeondoka, Mungu anayengoja. Mtu wa Molo aliyeishia darasa la saba hahitaji mkalimani hapo.

Siku hizi Jumapili tunampeleka Baba kwenye hoteli ya nyama choma nje ya Nakuru, ambako kuna mpiga gitaa wa kauboi. Kofia pana, buti, mkanda wenye bizimu inayoligonga gitaa kila akiinama. Hana bendi. Ana kinanda kinachompigia ngoma na besi, na spika mbili zilizofungwa kwa kamba kwenye nguzo ya hema. Wakubwa kama Elvis Otieno, yule Sir Elvis, na Esther Konkara hupanda majukwaa ya maana. Huyu wetu huimba huku akipisha sinia za mbuzi.

Mwanzoni hufuata njia. Anaanza na Don Williams, anakuja kwa Kenny Rogers, na “The Gambler” ikifika hema zima linaimba. Jua likishuka, anaongeza mwendo wa ngoma, anachomeka mistari ya Kikuyu, na kabla hujamaliza kachumbari watu wameshikana mabega, wanazunguka meza kwa mstari wa mugithi. Na wimbo ni wa Jim Reeves, uleule ambao Baba alitukatazia kukohoa ukipigwa. Binti yangu mara ya kwanza alimwinamia babu yake akamwuliza, “Guka, hizi si ndizo nyimbo za mazishi?” Kwake Jim Reeves ni sauti ya spika za matangani, watu wakipanga foleni kuutazama mwili. Baba alikasirika kiasi cha kusahau mfupa mkononi.

Siku moja alimwita kijana wa gitaa mezani.

“Kijana, mbona unamkimbiza hivyo?”

“Mzee, nikiimba pole pole hadi saa moja, watu wanamaliza nyama wanaenda. Mwenye hoteli ananilipa wakikaa.”

“Na ubeti wa pili umeuacha wapi?”

Kijana alikiri hajawahi kuujua. Alijifunzia wimbo kwenye simu, nao ulikuwa umekatwa. Baba, ambaye maishani mwangu sikuwahi kumsikia akiimba, alimwimbia ubeti wote pale pale, kwa sauti kavu, bila kukosea neno, kisha akaomba kalamu kwa mhudumu na kumwandikia nyuma ya bili. Alipopewa maikrofoni alikataa. Hayo, alisema, ni ya wenye kofia.

Jumapili iliyofuata ubeti wa pili ulikuwemo, kwa mwendo uleule wa mugithi. Mama akanyanyuka, akashika bega la mhudumu, akaingia kwenye mstari. Baba alibaki kitini akilalamikia kinanda, huku akimwagiza binti yangu aende kumwambia kijana kwamba wimbo unaofuata nao una beti tatu.