Willenhall, Mji wa Makufuli

Baina ya Walsall na Wolverhampton, katikati ya Uingereza, pana mji mdogo uitwao Willenhall ambao kwa karne kadhaa uliishi kwa kazi moja tu, nayo ni kutengeneza makufuli. Mgeni anayeshuka hapo kutoka basi nambari 529 haoni cha kumstaajabisha. Kuna uwanja wa soko, saa ya mnara iliyojengwa kuwa ukumbusho wa tabibu mmoja wa karne ya 19, kinyozi, duka la simu na maduka ya vyakula. Vituoni upande wa Walsall utawaona wanawake wengi wenye mitandio, maana huko wenzetu wa asili ya Pakistan, India na Bangladesh wamekaa kwa vizazi kadhaa, na nyama ya halali si jambo la kuhangaikia.

Zamani, karibu kila uani palikuwa na kiwanda kidogo chenye tanuri, mivukuto, jiliwa na tupa. Majirani waliupa mji huo jina la utani, Humpshire, yaani jimbo la vibiongo, kwa kuwa mafundi waliinama juu ya jiliwa tangu utotoni hata migongo yao ikapinda. Ipo hadithi kwamba vilabu vya mji vilitobolewa mashimo ukutani, nyuma ya mabenchi, ili mabonge ya migongo yapate pa kukaa. Hadithi hiyo huelezwa kwa kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu tume ya serikali iliyochunguza kazi za watoto mwanzoni mwa miaka ya 1840 ilifika Willenhall na kuandika iliyoyaona: watoto maskini na mayatima waliokabidhiwa mafundi wawe wanagenzi, wakifanya kazi tangu alfajiri hata usiku, wakipigwa kwa nyundo na kwa makufuli yenyewe. Kila nilipoliinua kufuli kuukuu katika mji ule, nilijikuta nikiuliza ni mkono wa nani uliolipiga tupa.

Katika barabara ya New Road ipo nyumba ya matofali iliyohifadhiwa kuwa makumbusho, iitwayo Nyumba ya Fundi wa Makufuli. Ilikuwa maskani na kiwanda cha familia moja, kazi ikifanyika nyuma na maisha mbele. Nilipenda jiko lake kuliko kiwanda, lakini hilo ni jambo la wanawake, na huenda msomaji atanielewa.

Sababu ya safari yangu hadi hapo ilikuwa kasha. Marehemu mama, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mtunza amana wa mtaa wetu katika Mji wa Kale wa Mombasa. Majirani walimletea bangili, mikufu, hati za viwanja na pesa za michango, naye akaviweka vyote katika kasha la mvule na kuviandika daftarini kwa hati yake nzuri ya Kiarabu. Arubaini yake ilipokwisha, khalati alinikabidhi kasha, daftari na ufunguo, kisha akaniuliza, “Mwanangu, ufunguo huu una ndugu wangapi?” Swali lake halikuwa na jibu. Katika miaka ya maradhi ya mama, ufunguo ule ulipita mikono mingi, na fundi wa kuchonga funguo yuko kila pembe ya mji. Hakuna aliyemshuku mtu. Lakini mali ile haikuwa yetu, na mwenye amana ya watu hawezi kulala kwa kudhani. Nami nilikuwa nakwenda Walsall kumtazama ndugu yangu aliyejifungua, kwa hiyo khalati akaniagiza kufuli. Alilitaka la kale, la Kiingereza, la namna ileile ya mama.

Ili kulichagua kufuli la namna hiyo, ni lazima kwanza kujua kilichomo ndani. Makufuli mengi ya kale, hata yale makubwa yenye nakshi za simba na taji, ni matupu kama ngoma. Ndani mna vizuizi vichache vya bati, na ufunguo uliokatwa kuvikwepa hufungua. Kipande cha waya kilichokunjwa vyema chaweza kuvikwepa pia. Kufuli lenye heshima ni lile la liva. Ndani yake mmepangwa vibapa vya shaba, kimoja juu ya kingine, na kila kimoja kinakandamizwa na springi yake. Kila kibapa kina tundu lenye mwanya, na ulimi wa kufuli hauwezi kusogea mpaka vibapa vyote vimeinuliwa hadi kimo ambapo mianya yao imelingana. Kikipungua kimoja kimo, ulimi hukwama. Kikizidi, hukwama vilevile. Ndiyo maana meno ya ufunguo wake yako kama ngazi zisizo sawa: kila ngazi inainua kibapa chake kwa kadiri yake.

Hapo ndipo inapoingia hekima ya Jeremiah Chubb. Mnamo 1817 ghala la bandari ya kijeshi ya Portsmouth lilivunjwa kwa funguo bandia, na serikali ya Uingereza ikatangaza zawadi kwa atakayebuni kufuli lisilofunguka ila kwa ufunguo wake. Mwaka uliofuata Chubb alileta kufuli la liva lenye mtego ndani. Mtu akijaribu kulifungua kwa ufunguo bandia na akakiinua kibapa kupita kiasi, mtego humnasa, na tangu hapo kufuli hukataa hata ufunguo halali. Mwenyewe akirudi, ufunguo wake ukagoma, anajua kwamba mkono wa mtu umepita. Hapo mwanzo alihitaji ufunguo wa pili wa kuutegua mtego. Kuanzia 1824 ilitosha kuuzungusha ufunguo wake mwenyewe kinyume, ndipo likafunguka. Inasimuliwa kwamba mfungwa mmoja aliyekuwa fundi wa makufuli, akishikiliwa katika merikebu ya jela hapo Portsmouth, aliahidiwa uhuru na serikali na pauni 100 na akina Chubb endapo angelifungua. Alijaribu kwa miezi miwili au mitatu, akasalimu amri.

Nakiri kwamba nililipenda kufuli hilo tangu niliposoma habari zake. Makufuli mengine yanazuia na kunyamaza. Hili linazuia, kisha linatoa ushahidi.

Akina Chubb walihamia Wolverhampton mnamo 1820, maili chache tu kutoka Willenhall, na jengo lao la 1899 bado limesimama karibu na stesheni ya treni. Ukuu wao ulipata pigo mwaka 1851, katika Maonyesho Makuu ya London, alipokuja Mmarekani aitwaye Alfred Charles Hobbs. Alilifungua kufuli la Chubb kwa muda wa dakika 25 hivi, na kwa kulitumia lile lile lililokuwa fahari yake: mtego uliponasa, ulimwonyesha kibapa alichokiinua kupita kiasi, naye akajua cha kusahihisha. Kisha akaliendea kufuli la Bramah lililokuwa dirishani mwa duka la Piccadilly tangu 1790, likimwahidi gini 200 atakayelishinda. Hilo lilimchukua saa 51, zilizogawanywa kwa siku 16. Waingereza walifadhaika sana. Tangu hapo mafundi wakawa wanakata vibapa kwa vijino vya uongo, ili mwizi adhani amefika penye mwanya kumbe amekwama.

Basi siku ya tatu nikaenda na shemeji yangu kwenye soko la vitu vya kale. Muuzaji alikuwa na ndoo nzima ya makufuli, na watu walikuwa wakiyachagua kwa rangi. Mimi nilianza na funguo. Kufuli la kale lisilo na ufunguo wake ni pambo la rafu. Fundi aweza kulifanyia ufunguo, lakini ujira wake waweza kuzidi bei ya kufuli lenyewe. Kwenye ufunguo nilihesabu ngazi: kwa kawaida moja ni ya kuusukuma ulimi, na zilizobaki ni za vibapa, kwa hiyo ngazi sita ni dalili ya vibapa vitano. Idadi iliyochongwa juu ya kufuli si ushahidi, maana wapo watengenezaji walioandika sita na kutia viwili vya kweli. Nilizungusha ufunguo polepole, nikisikiliza. Springi zikiwa hai, mkono huhisi ukinzani laini, na vibapa vinarudi kwa mlio mmoja mkavu. Ukilitikisa likacheza ndani kama njugu, ujue springi imekatika. Kutu ndiyo iziuayo springi hizo nyembamba, jambo la kutisha kwa sisi tunaoishi na chumvi ya bahari hewani.

Nilitazama pia upinde. Unaofaa ni mnene na mfupi, usioacha nafasi ya kupenyeza mtalimbo, na uliokatwa mapengo miguu yote miwili ili ushikwe pande zote. Shemeji alinikumbusha kwamba feleji ya zamani ni laini, na kwamba msumeno wa leo huila upesi kuliko ile ya makufuli mapya ya bei ya juu. Ni kweli, na kwa lango la duka au kontena ningenunua jipya bila kusita. Lakini kasha liko chumbani, ndani ya nyumba yenye watu. Huko hakuna anayekuja na msumeno. Huko hatari ni ufunguo wa pili uliosahaulika katika mfuko wa koti la mtu.

Nililichagua kufuli la Chubb, zito kama jiwe la mizani, lenye funguo mbili zilizochongwa nambari moja na ile ya kwenye mwili wake. Muuzaji alikuwa mkweli. Alisema limetoka katika ofisi iliyofungwa zamani, na hawezi kuapa kwamba hakuna ufunguo wa tatu.

Kwa hiyo swali la khalati lilinifuata hadi Uingereza. Dawa yake niliipata Wolverhampton, kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa na subira ya kunieleza. Makufuli mengi ya namna hii yamefungwa kwa ribiti, hayana parafujo ya kufungua. Alizitoboa ribiti, akaitoa safu ya vibapa, akaviosha, akabadilisha springi mbili, kisha akavipanga upya kwa mfuatano mwingine. Kwa kubadilisha mpango huo, funguo za zamani zikawa vyuma tu. Alichonga funguo mbili mpya mbele ya macho yangu, akapiga ribiti upya, akanikanya mambo mawili. La kwanza, nisitie mafuta mazito, kwani hukamata vumbi na kuvigandisha vibapa. Unga mkavu wa risasi ya penseli watosha. La pili, nisimtumie mtu picha ya ufunguo kwa simu, hata kwa kujigamba, kwa sababu fundi hodari huweza kuusoma ufunguo katika picha na kuuchonga. Ujira wake ulizidi bei ya kufuli mara tatu. Nililipa bila kupunguza, na si desturi yangu.

Nyumbani ilibaki kazi moja. Vipande vya chuma vinavyolipokea kufuli kwenye kasha la mama vilikuwa vimepigiliwa misumari mifupi iliyolegea kwenye mbao, na kutundika kufuli la Chubb hapo kungekuwa sawa na kutia mlango wa chuma kwenye ukuta wa makuti. Seremala wa mtaani alivitoa, akatia boliti zinazopenya ubao na kukazwa nati kwa ndani, mahali ambapo mkono haufiki mpaka kifuniko kifunguliwe.

Kisha tukawaita wenye amana wote, alasiri moja, tukalifungua kasha mbele yao na kulisoma daftari mstari kwa mstari. Kila kitu kilikuwepo. Ufunguo mmoja nilibaki nao mimi, wa pili akauchukua khalati, na majina yetu yakaandikwa ukurasa wa kwanza. Jirani mmoja, mwenye bangili sita, alizihesabu mara mbili, akalishika lile kufuli na kulipima mkononi, akauliza fundi aliyelichonga upya yuko umbali gani na Mombasa. Nilipomwambia, alizifunga bangili zake tena katika leso, akazirudisha ndani ya kasha.