Taa ya samaki wa kwetu

Najua nimeadimika. Mama mdogo kanitumia ujumbe mara mbili kuuliza kama hiki kijiwe kimefungwa. Hakijafungwa. Nilikuwa na zamu nne za usiku mfululizo, na katikati yake nikageuka fundi umeme. Ndiyo, mmesoma sawasawa.

Wasomaji wa siku nyingi mnajua nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee hapa Leeds. Sebuleni kuna tangi kubwa la kioo la samaki, na ndani yake kuna samaki wadogo wa njano, njano kama embe dodo lililoiva. Siku ya kwanza nilipouliza wametoka wapi nilicheka peke yangu. Ni wa Ziwa Nyasa! Asili yao ni upande wa Malawi, lakini ziwa ni lile lile ninaloogea nikienda kwa bibi Mbamba Bay. Wafugaji wa samaki dunia nzima wanawaita mbuna, neno lililotoka huko huko ziwani. Hawa wetu hawajawahi kuliona ziwa, wamezaliwa kwenye matangi huku huku. Mimi nawasalimia kwa Kiswahili hata hivyo.

Sasa kuna mzee mmoja, tumwite Babu, maana kazi yangu hainiruhusu kumtaja. Zamani alikuwa dereva wa treni. Ana ugonjwa wa kusahau, na wagonjwa wengi wa aina hiyo huanza kuhangaika jioni giza linapoingia. Mwezi wa Desemba hapa jua linazama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo jioni yenyewe ni ndefu kweli kweli. Babu anataka koti, anataka mlango, anasema treni itaondoka bila yeye. Kitu kimoja tu kinamtuliza: tunamkalisha mbele ya tangi, taa inawaka, anahesabu samaki. Akimaliza anaanza tena. Hapo anakula na dawa anameza.

Jumatatu taa ikazimika. Babu alisukuma mlango mpaka akachubuka mkono, chakula hakugusa. Nikamwambia mkubwa wetu. Akajibu kwamba fundi huja Alhamisi tu, tena ana kazi nyingi, na tangi lenyewe limezeeka, afadhali liondolewe na samaki warudishwe dukani. Nikaomba niachiwe mpaka hiyo Alhamisi. Akakubali kwa sharti kwamba nisiguse chochote bila kuchomoa plagi, na fundi aje aikague.

Kosa langu la kwanza ni kukimbilia kununua tyubu mpya. Siku hizi hazipatikani kirahisi, maana taa hizi zilianza kuondolewa sokoni Ulaya na Uingereza mwaka 2023 na 2024 kwa sababu ya zebaki iliyomo. Nilizunguka maduka matatu, nikatoa pauni 14 za mfukoni mwangu. Nikaifunga, nikawasha. Kimya.

Ndipo nikampigia baba Songea. Mnamjua baba na tyubu ya sebuleni kwetu, ile ya kupanda kwenye stuli na kuizungusha kidogo mpaka ikubali. Nikamwonyesha kwa WhatsApp. Hata salamu hakumaliza.

"Inapepesa au imekufa kabisa?"

"Imekufa kabisa, baba."

"Ncha zake hazina hata wekundu?"

"Hazina."

"Basi umeme haufiki. Ulinunua tyubu ya nini? Anza ukutani, uje taratibu mpaka kwenye taa."

Yaani mimi muuguzi mwenye digrii, ninayewafundisha wanafunzi kwamba mgonjwa akianguka unaanza na njia ya hewa, nimesahau kuanza mwanzo! Nikaanza ukutani. Pampu ya maji imechomekwa pale pale na inafanya kazi, kwa hiyo soketi ni nzima. Plagi za huku ni kama zetu, pini tatu za mraba, na ndani mna fyuzi. Nikaweka nyingine ya kiwango kile kile, hola. Nikabadilisha stata. Hiyo ndiyo hupasha moto ncha mbili za tyubu kisha hukata ghafla, na choki hapo hupiga umeme wa nguvu wa kuiwasha. Stata ikigoma, mara nyingi utaona ncha zinang'aa tu bila katikati kuwaka, au taa inapepesa bila kutulia. Baba alishaniambia ya kwetu si dalili hiyo, lakini nilitaka kuhakikisha. Hola tena. Kwenye choki baba akanikataza katakata: ikinguruma au ikitoa harufu ya kuungua, mwachie fundi.

Kikabaki kile nilichokipita tangu mwanzo, vifuniko vya mpira vinavyoshika ncha za tyubu. Nikavivuta. Cha kushoto ndani kimeota kutu ya kijani, kama shaba iliyosahaulika mvuani! Kumbe kile kioo kinachotenganisha maji na taa hakikurudishwa baada ya kusafisha tangi wiki mbili nyuma, mvuke ukawa unapanda humo usiku na mchana. Na aliyesafisha, jamani nisifiche, ni mimi.

Nikasugua zile sehemu za shaba kwa tupa yangu ya kucha mpaka zikang'aa, nikafuta, nikaacha vikauke usiku kucha mbali na maji. Samaki hawakudhurika, giza la siku mbili tatu haliwatishi. Jumatano alasiri nikarudisha vifuniko na kile kioo, nikakausha mikono, nikachomeka. Ikapepesa mara mbili, ikawaka. Nilipiga kigelegele, mpishi akatoka jikoni na mwiko.

Jioni Babu akakaa kwenye kiti chake. Akahesabu mpaka kumi na moja, akanuna. Wapo kumi na wawili. Akarudia mara tatu, huku anakula viazi alivyovikataa siku mbili, mpaka yule wa kumi na mbili akachungulia nyuma ya jiwe.

Alhamisi fundi akaja na kipimo chake, akakagua, akasema iko salama ila siku ikifa tena ataweka ya LED. Mkubwa hajazungumzia duka tena. Tyubu ya zamani, ambayo baba anasema haikuwa na kosa lolote, nimeificha kabatini kama akiba. Pauni 14 hajanirudishia mtu.

Halafu yule aliyejificha hali chakula na kidevu kimevimba. Mama wa mbuna huyatunza mayai mdomoni kama wiki tatu hivi, hali kitu. Nimemwambia Babu. Kaniuliza kama hao nao wahesabiwe.