Usikimbilie Kupiga Windows Upya: Yaliyomkuta Dada wa Keki

Kuna dada mmoja wa Sinza, jina kapuni, keki zake za harusi mnazijua. Juzi Firefox kwenye laptopu yake ilijiapdeti yenyewe. Kuanzia hapo, akiifungua ni nyeupe pee, haileti kitu. Fundi wa mtaani akamwambia dawa ni moja tu, kupiga Windows upya, elfu ishirini.

Shida ni kwamba paswedi zake zote zilikuwa humo humo kwenye brauza. Imeili ya kupokelea oda aliifungua kwa laini iliyopotea zamani, kwa hiyo paswedi ikifutika, na imeili ndo imeenda. Na kuna bibi harusi wa Jumamosi keshalipa!

Mdogo wake akamwambia, "Dada, subiri kwanza." Akaifunga Firefox, akaifungua tena huku kashikilia kitufe cha Shift, akakubali ifunguke kwa hali ya utatuzi. Humo viongezo vyote vinazimwa kwa muda, ila paswedi haziguswi. Ikafunguka freshi.

Basi wakaizima, wakaiwasha kawaida na viongezo vyote vimezimwa, kisha wakaviwasha kimoja kimoja. Cha tatu, kile cha kupakulia video, weupe ukarudi. Kumbe mchawi ni huyo, hapatani na toleo jipya. Kikafutwa, oda zikaonekana.

Usiku huo huo dada akanunua daftari la paswedi. Je, ya kwako unaikumbuka, au brauza ndo inakukumbukia?