Picha Aliyotusimulia Ami

Tarehe 22 Septemba 2021 watu wa Mogadishu waliingia katika Ukumbi wa Taifa wa Michezo, wakaketi, taa zikazimwa, wakatazama picha mbili fupi zilizotengenezwa na Msomali mwenzao. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka thelathini. Ukumbi ule ulijengwa na mafundi wa Kichina mwaka 1967, ukiwa ni zawadi ya nchi yao. Vita vilipozuka mwaka 1991 ulifungwa, wapiganaji wakaufanya kambi. Mwezi wa Machi 2012 ulifunguliwa tena. Tarehe 4 Aprili, hafla ikiendelea, bomu likalipuka ndani na watu wakafa. Ukatengenezwa tena.

Tulizisoma habari hizi tukiwa Mombasa, na mtu wa kwanza tuliyemkumbuka ni ami yetu, ambaye hakuwahi kuingia katika ukumbi ule.

Sisi ni wa Chula, katika visiwa vya Wabajuni, kusini ya Kismayu. (Ramani nyingine huandika Tula, wenyewe husema Chula, kama wasemavyo Chovai wala si Tovai. Mwalimu wa lugha hawezi kulipita jambo hili bila kulitaja.) Ami alikuwa baharia. Alipeleka papa mkavu Mombasa, na kila shehena iliposhushwa, alikwenda kutazama picha ya Kihindi kabla hata ya kununua unga. Mkewe alimlaumu mno kwa hilo, wala hakumlaumu bure.

Akirudi, alitusimulia. Tulikaa mchangani baada ya sala ya isha, na ami akasimama, maana alisema picha haisimuliwi kwa kuketi. Mother India, picha ya mwaka 1957, aliisimulia kwa siku tatu. Siku ya gharika alitia mashua ndani yake, na nahodha aliyetweka tanga alisema Kibajuni kitupu. Nyimbo aliziimba kwa Kihindi asichokijua hata neno, nasi tuliitikia. Mwishoni mama alimnyooshea bunduki mwanawe aliyeasi, mkono ukamtetemeka, akaitupa bunduki chini, akamsamehe. Wanawake walilia, watu wakaenda kulala.

Mwaka 1992 tuliondoka kwa mashua pamoja na wengi wengine, tukafikia kambi ya Jomvu, Mombasa. Ami hakufika, alibaki, na huko huko akafa.

Tulikuwa tumekwisha kuwa mwalimu tulipoitazama Mother India kwa macho yetu, kwa kanda ya video, katika sebule ya jirani. Mashua hamna. Na yule mama hakutupa bunduki: alimpiga mwanawe, akamuua. Tulitoka nje tukasimama barazani. Kwa muda tulimwona ami kuwa mwongo. Kisha tukakumbuka ni watoto gani waliokuwa wameketi mchangani usiku ule, na mmoja wao alikuwa mtoto wa nani, na nduguye mkubwa alikuwa amefanya nini mwezi ule. Hayo hatutayaandika hapa.

Tangu siku hiyo, tusikiapo kwamba jumba la sinema linatengenezwa, tunauliza swali moja: kinachohifadhiwa ni kipi? Tulipokwenda Unguja tulipelekwa Vuga kulitazama jumba la Majestic, lililojengwa mwaka 1955 mahali pa jumba la Royal lililoungua mwaka mmoja kabla. Sura yake ya mbele, yenye mistari iliyonyooka, bado ina haiba, ingawa limechakaa. Cine Afrique imegeuzwa maduka. Wapo waliojitolea kuirejesha Majestic, nasi tunawaombea wafanye haraka, kwani mji ule umekwisha kuonja adhabu ya kuchelewa pale sehemu ya Beit el Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Lakini kuta na viti ni nusu ya kazi. Tikiti ya usiku ule wa Mogadishu iliuzwa dola kumi, na kwa bei hiyo baharia mwenye papa wake mkavu angalibaki mlangoni. Jumba lisiloweza kumwingiza mtu kama yule, kwetu sisi, bado halijakwisha kutengenezwa. Halafu yapo maneno. Sinema iliipa lugha yetu stelingi, ikaipa picha maana mpya, ikawapa vijana namna ya kuhadithia. Wazee wanaokumbuka nani aliketi wapi, na ukumbi mzima uliimba wimbo gani, wanapungua. Na katika Wabajuni waliotawanyika wanapungua kwa kasi zaidi. Walimu tunaweza kuwarekodi kabla rangi ya kuta haijakauka. Kazi hiyo haina haja ya saruji.

Pale Vuga, mbele ya mlango uliofungwa, mwenzetu mmoja alianza kuisimulia Mother India, nasi tukamkatiza, tukaimalizia kwa kusimama, kama ilivyotupasa, hadi bunduki ilipoanguka chini.

"Mwalimu," akasema, "sivyo picha ile inavyokwisha."

Tukamjibu kwamba Chula ilionyeshwa hivyo.