Mzee na Muhoi Wake

Katika Kiambu upo ukoo mmoja ambao wazee wake hawakuchoka kusimulia habari ya babu yao na padre wa misheni. Habari yenyewe yatoka miaka ile iliyofuata njaa kuu na ndui ya 1898 na 1899, ambapo watu wengi walikufa, wengine wakahamia kwa jamaa zao, na mashamba yakarudi kuwa pori. Mgeni aliyepita wakati huo aliona vichaka, akadhani nchi haina mwenyewe.

Padre alifika kwa upole, akaomba mahali pa kujenga nyumba ya sala na kulima mboga. Mzee akampa, maana desturi ya Wakikuyu ilimjua mtu wa namna hiyo: jina lake muhoi, yaani mwombaji. Muhoi alilima kwa ruhusa ya mwenye githaka, akamletea pombe, akamsaidia kujenga, na siku alipoambiwa aondoke aliondoka. Padre alitoa blanketi mbili, sukari na rupia chache. Mzee akavipokea kama ambavyo angalipokea kibuyu cha pombe, akishangaa kidogo tu kwamba mgeni huyu hanywi. Kisha akaletewa karatasi, akatia dole gumba.

Hapo wasimulizi walikuwa wakinyamaza kwanza. Je, ardhi huuzwaje bila kuchinja kondoo? Wazee wa mbari hawakuitwa kutazama mpaka, wala halikupandwa itoka, lile ua la mipakani ambalo kuling'oa kulikuwa hatia kubwa. Kwa mzee, pasipo itoka hapakuwa na mauzo. Kwa padre, penye dole gumba mambo yalikuwa yamekwisha. Yamkini padre naye aliamini hivyo kwa moyo safi; lakini yeye alijua kusoma, na mwenziwe hakujua, wala hakusomewa yote.

Seng'enge ilipofika mtoni, mzee alikwenda kumwambia muhoi wake ahame. Akajibiwa kwamba yeye mwenyewe angeruhusiwa kukaa, mradi afanye kazi katika shamba la misheni. Alikufa akiwa bado anamngoja mgeni aondoke. Tena mwaka 1921 Mahakama Kuu ya Kenya ikahukumu kwamba Waafrika walikuwa wapangaji tu wa Mfalme wa Uingereza katika ardhi yao, wawezao kuondolewa apendapo; kwa lugha ya mzee, Wakikuyu wote walikuwa wamekwisha kufanywa ahoi.

Tume ya Ardhi ya Bwana Morris Carter ilipoanza kazi mwaka 1932, mwana wa mzee alitaka kupeleka madai, kama walivyofanya wengi wa Kiambu. Nakala ya hati ilipopatikana, aliyeisoma alikuwa mjukuu, aliyefundishwa Kiingereza katika shule ya misheni ile ile. Akakuta eka 60, na neno milele. Baba yake akamwamuru alisome neno hilo mara ya pili, kisha akauliza kama blanketi zimeandikwa. Hazikuandikwa.

Ripoti ya Tume ilitoka mwaka 1934. Ardhi ya fidia ikapewa kabila zima, wala si ukoo mmoja mmoja. Jumapili iliyofuata baba na mwana walikwenda kanisani kama kawaida, wakipita kando ya seng'enge, maana njia nyingine haikuwapo.